Vitanda na Matandiko

Siku dalali alipokuja kuiandika mali yake, Wakiuru aliamka mapema kuliko desturi yake, akapiga deki sebule mara mbili, kisha akavitandika viti vitambaa vyeupe alivyokuwa ameviloweka katika wanga tangu jana yake. Alikuwa amevifuma mwenyewe kwa kulabu, miaka mingi iliyopita kwa ajili ya harusi yake, kila kimoja na ua la petali nane katikati. Alichemsha maziwa, akayatia majani ya chai ambayo dada yake humletea kutoka Kangari, akavitoa kabatini vikombe ambavyo havikuwa vimetumika tangu matanga ya mumewe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Dalali alikuwa amempigia simu kwa adabu na kumwarifu kwamba atafika saa tatu, na kwa jinsi Wakiuru alivyolelewa, mtu anayesema atafika saa tatu ni mgeni. Mgeni hapokewi katika nyumba iliyovurugika.

Jambo la mwisho alilolifanya ndilo alilokuwa akilifanya kila asubuhi. Alizikunja blanketi mbili zilizokuwa juu ya kiti cha dirishani, akauchukua mto, akaenda kuvificha chumbani, chini ya kitanda. Kisha akakitandika kiti hicho kitambaa chake, akakilainisha kwa kiganja mpaka ua likakaa sawa katikati.

"Hodi hapa!"

"Karibu, ingia. Pole kwa hii baridi."

Dalali huyo aliitwa Kiogora. Alikuwa mtu wa Meru, mrefu, aliyevaa sweta chini ya koti, na mkononi alishika ubao mdogo wenye fomu. Alipoiona meza iliyoandaliwa alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mama, mimi kwa kawaida sinywi chai kwa watu ninaowaandikia."

"Basi leo utakunywa. Umetoka mjini na miguu yako imelowa. Keti."

Kiogora aliketi, akanywa, akala andazi moja na nusu. Alipomaliza alijifuta vidole kwa makini na kuanza kazi, akieleza kila hatua kwa sauti ya chini. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba Wakiuru anadaiwa, na kwa kuwa hakuwa amelipa, mdai ameomba mali yake ikamatwe. Leo anaandika tu. Kuanzia leo mama ana siku saba za kulipa au kupinga. Siku saba zikipita, atarudi na lori.

"Lakini si kila kitu naandika," alisema. "Sheria imenikataza vingine."

Akaipitia nyumba huku akivitaja. Sufuria na vyombo vya kupikia, hapana. Nguo za kuvaa, hapana. Aliitupia macho pete ya ndoa katika kidole cha Wakiuru, akatikisa kichwa. Mbele ya mashine ya kufuma iliyokuwa na sweta ya kijani imening'inia nusu, alisimama.

"Hii ni ya nini?"

"Nafuma sweta za shule. Ndiyo kazi yangu."

"Kama ndiyo kazi, basi hiyo pia hapana."

Aliusukuma mlango wa chumbani kwa kidole, akachungulia. Kitanda kikubwa cha mvule kilikuwa kimetandikwa duveti ya samawati isiyo na kunyanzi hata moja. "Vitanda na matandiko, hapana," alisema, akaurudisha mlango.

Ndipo alipogeukia sebule, na kalamu ikaanza kwenda. Televisheni moja. Kabati la vyombo moja. Meza ya kulia na viti vyake. Zulia moja. "Seti ya sofa, vipande vitano," alisema, akahesabu kwa kugusa kila mgongo wa kiti. Kimoja kirefu, viwili vya watu wawili wawili, kimoja cha mtu mmoja karibu na mlango. Mkono wake ukafika dirishani, ukatua juu ya ua jeupe la petali nane. "Na hiki cha tano. Mama, umevitunza kweli. Ningekuwa nakuta nyumba ziko hivi, hii kazi ingekuwa raha." Akaandika: *katika hali nzuri sana*.

Kwa muda mfupi Wakiuru alisikia fahari, ile fahari ndogo ya mwanamke aliyesifiwa nyumba. Kisha akaelewa kilichoandikwa. Alifungua kinywa aseme kwamba hicho cha tano si kama vile vingine, lakini angelisema vipi neno hilo mbele ya mwanamume asiyemjua, ambaye bado alikuwa na chembe ya andazi kwenye kola? Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa. Kiogora alimshukuru kwa chai, akamwachia nakala ya orodha, akaondoka akiikwepa kwa uangalifu sehemu iliyopigwa deki.

*

Mutahi, mumewe, alikuwa fundi wa mizani. Kwa miaka ishirini na mitano alizunguka katika viwanda vya kahawa kutoka Othaya hadi Karatina, akiihakiki mizani ya wakulima kwa vijiwe vya shaba vya kupimia uzito alivyovibeba katika kisanduku kilichotandikwa kitambaa cha bahameli. Jumamosi alikuwa mshika kibendera wa mechi za kandanda katika uwanja wa Ruring'u, umbali wa kutembea kwa dakika kumi kutoka nyumbani. Alikimbia kando ya mstari akiwa amenyoosha mgongo, na waliomtukana kwa kuwanyima mabao ndio waliomwamkia kwa heshima siku ya Jumapili kanisani.

Moyo ulipoanza kumchosha, jambo la kwanza alilolipoteza lilikuwa kulala chali. Akijinyoosha kitandani, maji yalimpanda kifuani, akaamka akitweta kama aliyeopolewa mtoni. Walijaribu mito miwili, mitatu, minne. Mwishowe akahamia katika kiti cha dirishani, na humo ndimo alimolala kwa miezi kumi na mmoja, ameketi, kichwa kimeegemea mgongo wa kiti, blanketi mbili magotini. Wakiuru alilala katika sofa ndefu kando yake, karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kumgusa. Mikopo ilianza wakati huo: ya dawa, kisha ya mashine ya kumsaidia kupumua. Mkopeshaji alikuwa na ofisi safi na maneno matamu. Wakiuru ndiye aliyetia sahihi, na hakuijutia sahihi ile hata mara moja, wala siku mahakama ilipotoa hukumu.

Jumamosi hazikumpita Mutahi hata akiwa kitini. Dirisha lilifunguliwa kidogo, naye akafumba macho na kuusikiliza uwanja.

"Hilo ni bao," angesema kelele zikilipuka. "Sikiliza jinsi zinavyokaa juu, hazishuki." Au kelele zikipanda na kukatika ghafla angeguna: "La. Limegonga mwamba."

"Umejuaje?"

"Watu wakiona bao hupiga kelele kwa pamoja. Mwamba ukigongwa, kila mmoja hulia peke yake."

Wakiuru hakuweza kamwe kuitambua tofauti hiyo. Alimwambia hivyo, naye akamjibu kwamba atamfundisha, wakati upo.

Alifia hospitalini, siku ya tatu baada ya kulazwa, akiwa bado anauliza lini atarudi kitini kwake. Asubuhi hiyo Wakiuru alifika nyumbani, akaketi katika kiti kile avue viatu, na kichwa chake kikaangukia mahali palipokuwa na shimo dogo mgongoni mwa kiti, shimo lililochimbwa na kichwa kingine. Mikono ya kiti ilikuwa imeshika weusi wa viganja. Alipoamka, jua lilikuwa limegeuka na simu yake ilikuwa imelia mara kumi na sita, binti yake akimtafuta.

Tangu siku ile hakulala kitandani tena. Miaka miwili kasoro mwezi mmoja. Binti yake, Njoki, anayeuza nguo Sagana, alimnunulia duveti nzito ili asipate baridi, na kila alipopiga simu aliuliza, "Unalala vizuri, Mami?" Wakiuru alimjibu kwamba analala vizuri. Haukuwa uongo. Alichonyamazia ni mahali.

*

"Ati ulimpikia dalali chai?"

Njoki alikuwa amefika Jumapili baada ya ibada, na sasa alisimama katikati ya sebule akiwa na orodha mkononi, kana kwamba karatasi yenyewe ilikuwa imemtukana.

"Alikuwa amelowa," Wakiuru alisema.

"Mami! Na mandazi?"

"Mandazi yalikuwa machache tu."

"Na vitambaa vya harusi juu! Ungemfungulia ukiwa umefunga leso kiunoni, nyuzi za sweta zimejaa kila mahali, na hizi viti ziko uchi, angeandika 'seti nzee, imekwisha', aende zake. Sasa soma hapa. 'Katika hali nzuri sana.' Umemfanyia kazi yake!"

Wakiuru alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamponyoka, na Njoki naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka wakaketi, Njoki katika sofa ndefu, Wakiuru katika kiti cha dirishani. Kisha Njoki akainamia mbele, akapunguza sauti.

"Sikiliza. Niko na mtu wa pikapu. Kesho anachukua TV na zile vitu ndogo, anapeleka kwangu Sagana. Huyo mtu akirudi, atakuta hewa tu."

"Ameviandika, Njoki. Nimetia sahihi. Vikikosekana nitaulizwa mimi."

"Basi nini? Tukae tu tuangalie?"

"Sitaki kuficha kitu." Alipitisha vidole juu ya mkono wa kiti, mahali ambapo kitambaa kilifunika weusi. "Ila hiki kiti. Kama kungekuwa na njia ya kukiokoa hiki."

"Kiti?" Njoki alimtazama. "Katika vitu vyote hivi, kiti? Hiyo ni moja ya seti, Mami. Nitakununulia ingine mpya mwezi ujao. Ama useme ni yangu, niliiweka hapa nikikosa nafasi."

"Na nikiambiwa niape?"

Njoki aliiweka orodha mezani. Aliijua vizuri dini ya mama yake: haikuwa na kelele, lakini haikupinda.

"Hiyo kiti ina nini?" aliuliza baadaye, kwa upole.

"Ni cha babako," Wakiuru alisema, na huo ulikuwa ukweli, na huo ulikuwa umbali alioweza kufika siku ile.

*

Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa ghorofa ya pili mjini Nyeri, juu ya duka la mbegu, na ngazi zake zilinuka dawa ya mahindi. Kanana, msichana wa miwani aliyemhudumia, aliisoma orodha mara mbili, kisha akafungua kitabu cha sheria na kumsomea Wakiuru, akiyageuza maneno taratibu kuwa Kiswahili. Mali yote ya mdaiwa yaweza kukamatwa, isipokuwa: nguo za kuvaa zilizo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, vya mdaiwa na vya mwenzi na watoto wake, mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kutengana nayo, vifaa ambavyo mtu anavihitaji kufanyia kazi yake...

"Rudia hapo kwanza," Wakiuru alisema.

"Nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na—"

"Hapo. Kitanda ni nini?"

Kanana alitabasamu. "Mama, kitanda si ni kitanda?"

"Kile ambacho fundi alikiita kitanda, au kile ambacho mtu analalia?"

Swali lilimfanya msichana aiweke kalamu chini. Nje, mwenye duka la mbegu alikuwa akibishana na mteja juu ya viazi. Wakiuru aliushika mkoba wake kwa mikono miwili, akautazama, na kuuambia mkoba yale ambayo hakuwa amemwambia mtu yeyote: kuhusu miezi kumi na mmoja, kuhusu shimo mgongoni mwa kiti, kuhusu blanketi anazozificha kila kukicha ili hata jirani anayekuja kuomba chumvi asizione.

"Watu wangesema nini?" alimalizia. "Mjane wa miaka sitini na mmoja analala ameketi kama mlinzi wa benki, na kitanda anacho."

Kanana hakucheka, wala hakumpa pole. Alivuta karatasi mpya. "Mimi naona sheria inaweza kukusikia," alisema. "Hawakuandika kitanda kiwe na miguu mingapi. Lakini itabidi uape, Mama. Katika hati, kwa jina lako, kwamba kile kiti ndicho unacholalia, na tangu lini. Na hati hiyo itasomwa na wakili wa mdai, na dalali, na labda hakimu."

"Nitaapa."

"Ngoja kwanza nizungumze nao."

Alitoka na simu, akakawia. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, si kwa huzuni, bali kwa ile tahadhari ya daktari anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Wakili wao hatapinga kiti," alisema. "Lakini ameniuliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza. Kama mama analala kitini, kile kitanda cha mvule ni cha nani? Sheria inalinda kilicho cha lazima. Mtu mmoja, kitanda kimoja. Ukiapa kwa kiti, wataandika kitanda mahali pake. Ukinyamaza, kitanda kinabaki, kiti kinaenda na seti yake." Alivua miwani. "Uko na mpaka Ijumaa. Pole, Mama. Si mimi ninayechagua."

*

Alasiri hiyo, jua likiwa bado juu, Wakiuru aliingia chumbani, akavua viatu, akalala kitandani. Alitaka kuwa mwadilifu kwa kitanda. Alijinyoosha upande wake, upande wa ukutani, na kuuacha ule mwingine wazi kama zamani.

Kitanda hicho kiliundwa na fundi wa Mukurwe-ini mwaka waliooana. Mutahi alikuwa amelipa kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho akaichelewesha mpaka fundi akatishia kuja kuchukua ubao wa kichwani. Juu yake Njoki alizaliwa, usiku mmoja wa Aprili mto ulipokuwa umekata barabara ya kwenda hospitalini, mikononi mwa jirani aliyekuwa amezalisha ng'ombe tu. Juu yake waligombana kwa kunong'ona ili mtoto asisikie. Wakiuru alifumba macho na kuwatafuta watu wawili waliokuwa wakilala hapo, naye akawaona, vijana, wenye meno yote, wakimcheka mtu fulani wa kanisani. Aliwatamani kwa uchungu ambao hakuutarajia. Lakini hawakumwona. Walikuwa wamejaliana wao kwa wao, na hakuna mmoja wao aliyekuwa akimsubiri.

Alinyoosha mkono ule upande wa pili. Duveti ilikuwa baridi na laini, haina kumbukumbu ya mtu.

Aliinuka, akalainisha alipokuwa amelala, akaenda sebuleni na kuketi katika kiti. Kichwa kikapata mahali pake bila kuelekezwa. Hapo palikuwa na mtu aliyemsubiri, mgonjwa, amechoka, mkono wake umelala juu ya mkono wa kiti na kiganja kimegeuzwa juu, kama alivyokuwa akikigeuza usiku alipotaka kushikwa na hakutaka kuomba.

Akampigia binti yake. "Ijumaa njoo Nyeri," alisema. "Kuna karatasi nataka uisikie ikisomwa. Mimi nitashindwa kukueleza."

*

Ilibidi hati isomwe kwa sauti kabla ya kuapishwa, ili mwapaji athibitishe kwamba ameielewa. Kanana aliisoma kwa Kiswahili mbele ya kamishna wa viapo, mzee aliyekuwa akipiga miayo. Njoki aliketi nyuma ya mama yake, mkoba magotini.

"Kwamba mume wangu, Mutahi, kwa sababu ya maradhi, alilala katika kiti hicho kwa miezi kumi na mmoja. Kwamba tangu siku aliyofariki, mimi mwenyewe nimelala katika kiti hicho kila usiku, na sijalala mahali pengine. Kwamba sina haja na kitanda kilichoko chumbani, nami sipingi kikamatwe."

Wakiuru hakugeuka. Alisikia zipu ya mkoba ikifunguliwa na kufungwa, ikafunguliwa tena.

"Kila usiku?" Njoki alisema nyuma yake. "Miaka miwili? Na duveti?"

"Ipo. Nimeitunza."

"Ati umeitunza! Mami, nilikununulia ulale, si uitunze!" Sauti ilivunjika katikati, na haikujulikana kama ni kilio au ni hasira. "Kila nikipiga simu nakuuliza. Kila simu."

"Nilikuwa nalala vizuri, Njoki. Naapa." Akakumbuka mahali alipo, akamtazama kamishna kwa aibu. Mzee yule akasema kwamba kiapo hicho hakitalipiwa.

Njoki alivuta kiti chake mbele mpaka magoti yao yakagusana. Alikuwa na macho mekundu.

"Na hicho kitanda ndicho nilichozaliwa juu yake."

"Ndicho. Kwa hivyo nimekuita. Ukisema nisitie sahihi, sitatia."

Binti aliitazama hati kwa muda mrefu. Nje, lori la mchanga lilipita na vioo vikatetema. Kisha akapangusa uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama afanyavyo mtu wa sokoni mteja akiondoka bila kununua.

"Mimi nilishatoka humo, Mami," alisema. "Zamani sana. Kiache kiende."

*

Jumamosi Kiogora alifika saa nane na wapagazi wawili. Kufika saa hiyo, Wakiuru alikuwa amefanya kazi ngumu kuliko zote za maisha yake: hakuwa amefanya lolote. Blanketi zilikuwa kitini jinsi alivyoziacha asubuhi, moja ikiburuzika sakafuni. Mto ulikuwa umeinama. Leso anayojifunga kichwani usiku ilining'inia kwenye mkono wa kiti. Vitambaa vyeupe vilikuwa vimekunjwa sandukuni. Mara nne alikuwa ameunyoosha mkono aokote ile blanketi, na mara nne Njoki alikuwa amemwita ili kumzuia.

Dalali alisimama mlangoni. Aliyaona matandiko, akaiona leso, akayaondoa macho haraka kama aliyefungua mlango wa bafu. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akayarudisha. Alikaribia. Aliona weusi wa mikono ya kiti, ambao siku ile haukuonekana, na shimo mgongoni, ambalo ua la petali nane lilikuwa limelifunika barabara.

"Mama," alisema polepole, "siku ile mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni."

Kiogora aliitikia kwa kichwa. Aliweka fomu juu ya ubao wake, akafuta neno *vitano*, akaandika *vinne*. Chini yake akaandika *kitanda kimoja, mvule*, akasita, na pale penye nafasi ya hali ya kitu akaandika tu *kizuri*.

Walikifungua kitanda kwa spana. Kilikuwa kizito kuliko walivyodhani, na ubao wa kichwani ulipotolewa mlangoni ulikwama, wakaugeuza ubavu. Majirani walikuwa wamekusanyika kwenye ua bila kujifanya wana shughuli nyingine. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Hata kitanda, Mama Njoki? Si sheria inakataza?" Wakiuru alimjibu kwamba sheria imemwachia kitanda chake.

Televisheni, meza, zulia, kabati. Kabla ya kabati kubebwa, Kiogora alitoa vikombe kimoja kimoja kwa mikono yake na kuvipanga sakafuni kando ya ukuta. "Hivi sikuviandika," alisema. Alitoa nakala ya mwisho. Alipokuwa akitia sahihi alitupa jicho kuelekea jikoni.

"Leo hakuna chai?" aliuliza, na ilikuwa dhahiri kwamba amejuta kabla neno halijaisha.

Njoki ndiye aliyecheka kwanza. "Mwone huyu! Amebeba nyumba na bado anataka chai!" Lakini alikwenda mwenyewe kuweka sufuria motoni, na dalali na wapagazi wake walikunywa wakiwa wamesimama katika sebule tupu, wakishika vikombe vya matanga kwa uangalifu. Kisha lori likaondoka, kichwa cha kitanda kikiwa kimeegemea nyuma, nalo likateremka kuelekea mjini.

Wakiuru alikaa kitini. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa hapo na blanketi zake mchana, mlango ukiwa wazi. Nyumba iliyojaa mwangwi ilimfanya ahisi mdogo. Njoki alitoka chumbani amebeba ile duveti ya samawati, ambayo sheria haikuigusa, akaikung'uta mpaka ikajaa hewa, akamfunika mama yake kutoka mabegani hadi miguuni. Yeye mwenyewe akaketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kiti, mahali ambapo zamani palikuwa na sofa ndefu.

Wakiuru alifungua dirisha kidogo. Uwanjani walikuwa wanacheza. Kelele zikapanda ghafla, zikawa kubwa, zikafika juu ya mapaa.

"Hilo ni bao?" Njoki aliuliza.

Wakiuru alifumba macho. Kichwa chake kilikuwa mahali pake. Alisikiliza jinsi zilivyokuwa zikishuka, na ndani yake akaanza kuzitenga, hapa sauti ya mtu mmoja, pale ya mwingine, kila mmoja peke yake.

"La," alisema. "Limegonga mwamba."